Beringi 40 za Ziada

Ikifika Juni, uwanda wa juu wa Ufipa huwa umekauka. Mvua zilizoanza Novemba zimeshakatika, mabua yamesimama makavu kuanzia Laela hadi Namanyere, baridi ya asubuhi inashuka kutoka milima ya Mbizi, na kila mwenye shamba anaulizia mashine ya kupukuchua. Rukwa ni mmoja wa mikoa inayoilisha Tanzania mahindi, na Sumbawanga ni makao ya kanda ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Kwa karakana za mjini zinazounda mashine hizo, majuma machache ya kiangazi ndiyo yanayobeba mwaka mzima. Mashine inayotoka Septemba humkuta mkulima ameshapukuchua kwa kuyapiga magunia fimbo, ameshauza, na fedha imeshapata kazi nyingine.

Ndiyo maana karatasi iliyotoka kwenye printa ya karakana moja mjini hapo, msimu ukiwa unakaribia, iliwashtua watu. Mpango ulikuwa kuunda mashine 20. Programu ya kupanga uzalishaji ilitaka zinunuliwe beringi 40 zilizo ndani ya nyumba zake, beringi nyingine 40 zisizo na nyumba, na vyuma 280 vya engo, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 6. Engo 280! Fundi mkuu alisimama mlangoni mwa ofisi, akaisoma karatasi mara mbili, akasema kwa chuma hicho angeweza kuezeka soko.

Mwandishi wa makala haya ndiye aliyekuwa mpangaji wa uzalishaji pale. Aliikuta programu ikiwa tayari imejazwa orodha za vifaa na mtu aliyemtangulia, na kwa muda aliziamini kama mgeni anavyoamini njia aliyoelekezwa na mwenyeji. Kumbukumbu zinazofuata ni za namna makosa ya orodha hizo yalivyofuatiliwa hadi yakapatikana. Zinasimuliwa kwa sababu karakana ndogo nyingi sasa zinaingia kwenye programu za aina hii, na wengi wanadhani likitokea kosa aitwe mtaalamu wa kompyuta. Kwa alivyoona mpangaji, mtaalamu wa kwanza kuitwa ni yule mwenye mafuta mikononi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko sifa zake. Programu huchukua idadi ya mashine zinazotakiwa, huifungua orodha ya vifaa vya mashine moja, na huzidisha. Kama kifaa fulani nacho kimeundwa kwa vifaa vingine, inateremka ngazi moja na kuzidisha tena, hadi ifike kwenye chuma kinachonunuliwa dukani. Halafu inatoa kilichopo stoo, inatoa kilichokwisha agizwa kikiwa njiani, na kinachobaki ndicho cha kununua. Mwisho inarudi nyuma kwenye kalenda kwa siku za kusubiri mzigo, ili iseme oda itumwe lini. Basi.

Utaratibu huu una asili inayowagusa wapukuchuaji wa Ufipa zaidi ya wanavyojua. Mmoja wa waasisi wake, Joseph Orlicky, aliujenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipokuwa akisimamia uzalishaji katika kiwanda cha J.I. Case, mjini Racine, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kabla ya kuhamia IBM na kuandika kitabu chake cha 1975, Material Requirements Planning. Kampuni ya Case ilikuwa ya zana za kilimo, na ilianza mwaka 1842 kwa mashine za kupura nafaka. Kwa hiyo hesabu hii ilikomaa miongoni mwa ngoma, shafti, mikanda na chekeche, vitu vilevile vinavyogongwa na kuchomelewa leo katika karakana za Sumbawanga.

Orlicky alikuwa na kompyuta kubwa na watu wa kuilisha. Karakana yetu ilikuwa na kompyuta mpakato moja, umeme wa kukatika, na orodha iliyoandikwa kwa kutazama michoro ya zamani na risiti za dukani. Programu haikukosea hata tarakimu moja. Ilizidisha ilichopewa.

Jibu la haraka lilikuwa kufuta. Futa beringi 40, andika sifuri. Futa engo 280, andika kiasi unachokijua mwenyewe. Peleka karatasi kwa mnunuzi. Ndivyo ilivyokuwa imefanyika misimu iliyotangulia, na ushahidi ulikuwa stoo: rafu nzima ya beringi zisizo na nyumba, ndani ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, zilizonunuliwa msimu ambao hakuna aliyekumbuka kufuta. Kusahihisha jibu bila kugusa chanzo ni kujipangia kazi ileile kila mwaka, na siku moja mwenye kumbukumbu ya kufuta atakuwa likizo.

Mpangaji alianza kwa mtunza stoo, mama mmoja wa makamo aliyekuwa na daftari la mkono alilolithamini kuliko kompyuta.

“Mama, hizi beringi tupu anazitumia nani?”

“Mwanangu, nazihesabu kila mwisho wa mwezi. Hakuna fundi aliyewahi kuja kuniomba hata moja kwa ajili ya mashine mpya. Anayezitaka ni mteja ambaye yake imekufa.”

Jibu hilo ndilo lililofungua mlango. Programu nyingi za kupanga uzalishaji zina sehemu ya kuulizia kila hitaji limetoka wapi: beringi hii imeombwa na kifaa gani, na kifaa hicho kimeombwa na kipi, hadi juu kabisa kwenye mashine. Mpangaji alifuata uzi huo. Beringi zenye nyumba, aina ya UCP 205, zilikuwa zimeombwa na kundi la fremu. Beringi tupu, aina ya UC 205, zilikuwa zimeombwa na kundi la ngoma na shafti. Kila kundi, likisomwa peke yake, lilikuwa sahihi: fremu inafungiwa nyumba mbili za beringi, na shafti ya ngoma inazungukia ndani ya beringi mbili.

Lakini zote ni beringi zilezile. UCP 205 inayouzwa dukani tayari ina UC 205 ndani yake. Unainunua kama kitu kimoja, unaifunga kwa bolti mbili, unapitisha shafti. Aliyeandika kundi la fremu aliitazama kutoka nje, aliyeandika kundi la ngoma aliitazama kutoka ndani, na hakuna aliyesimama mbele ya mashine iliyoungwa akahesabu. Fundi mkuu alithibitisha kwa njia yake. Alichukua moja stoo, akasoma namba iliyochongwa kwenye duara la chuma, akaeleza kwamba tarakimu mbili za mwisho, 05, zikizidishwa kwa 5 zinatoa milimita 25, ambacho ndicho kipenyo cha shafti ya ngoma. Kisha akaisukuma kidogo kwa kidole ndani ya nyumba yake ili wote waone inavyocheza.

Marekebisho yake hayakuwa kufuta UC 205 kwenye programu, ingawa mkono uliwasha. Mama wa stoo alikuwa amesema kitu muhimu: wateja wanaihitaji. Beringi ikifa kijijini, nyumba yake ya chuma cha kumimina kwa kawaida inabaki nzima, na mtu ananunua kiini tu. Kwa hiyo UC 205 iliondolewa kwenye orodha ya kuunda mashine, ikabaki kwenye orodha ya vipuri, na akiba yake ikapangwa kwa mauzo ya dukani. Kulikuwa na jambo la pili lililokaribia kusahaulika. Kusahihisha orodha hakufuti oda iliyokwisha kutumwa. Oda ya beringi 40 ilikuwa imeshafika kwa muuzaji jijini, na ilibidi apigiwe simu kabla hajafunga mzigo.

Engo zilikuwa na hadithi nyingine, na hapa ndipo mpangaji alipojifunza zaidi.

Chanzo cha 280 kilionekana mara moja. Mchoro ulisema mashine moja inatumia engo ya mita 14. Aliyejaza orodha akaandika 14. Ila kwenye programu, engo ilisajiliwa kwa kipimo inachonunuliwa nacho, yaani chuma kizima cha mita 6. Mara 20, ikawa vyuma 280 badala ya mita 280. Mtu yeyote wa Ufipa anaelewa ugomvi huu, maana ameuona sokoni tangu utotoni. Mkulima anapima kwa debe, mnunuzi anataka gunia, Sheria ya Vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na bado lumbesa zinapandishwa kwenye fuso zikiwa zimeshonewa kilemba juu. Idadi ni ileile, kitu kilicho ndani si kilekile. Duniani pia yametokea, tena kwa wasomi. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani kwa sababu waliyapima kwa ratili huku ndege ikihesabu kwa kilo. Rubani aliitua bila injini kwenye uwanja wa zamani wa Gimli, na watu wote wakapona.

Hesabu ya ofisini ikasema basi: mita 280 gawanya kwa 6, ni 46 na ushei, nunua engo 47. Mpangaji aliipeleka kwa fundi mkuu akiamini kazi imekwisha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ngapi leo?”

“Arobaini na saba.”

“Hazitoshi.”

Alisema hivyo bila kukasirika, akaokota chaki, akachora sakafuni. Mashine moja inataka miguu 4 ya mita 1.2, vyuma vya kulala 6 vya sentimita 90, na vya kukingama 4 vya sentimita 95. Jumla mita 14, mchoro haukudanganya. Lakini chuma hakikatwi kwa jumla, kinakatwa kipande kwa kipande, na jiwe la grenda hula karibu milimita 3 kila linapopita. Engo ya mita 6, kwa karatasi, inatoa miguu 5. Kwa grenda inatoa miguu 4, na kipande cha tano kinapungua zaidi ya sentimita moja, hakifai kuwa mguu. Fundi hakitupi. Anakifupisha kuwa cha kukingama cha sentimita 95, na kinachosalia, kama sentimita 23, kinakuwa kishikizo cha kifuniko cha mkanda. Engo ya pili inatoa vyote 6 vya sentimita 90, na kubakiza nusu mita na kitu. Vya kukingama vinavyosalia ni vitatu kwa mashine moja, hivyo engo moja inahudumia mashine mbili. Kwa mashine mbili, engo 5. Kwa mashine 20, engo 50.

Tofauti ya 47 na 50 ni vyuma vitatu, na kwa macho ya ofisi inaonekana ndogo. Karakanani maana yake ni mashine moja imesimama na miguu bila viungo, Julai, wakati mteja wa Mtowisa amekuja na gari la kukodi kupandisha mzigo wake. Mpangaji alirudi akaandika engo 2.5 kwa mashine moja, na pembeni yake, kwenye nafasi ya maelezo, akaandika mpango mzima wa kukata kama ulivyochorwa kwa chaki. Mpango huo haukuwa popote kabla ya siku hiyo isipokuwa kichwani mwa mzee mmoja.

Ni hapo alipoanza kuona orodha ya vifaa kwa jicho jingine. Haikuwa tena karatasi ya manunuzi. Ilikuwa mahali pekee ambapo ujuzi wa fundi ungeweza kuandikwa ukamfaa kijana atakayekuja baada yake.

Ufipa imeshapoteza ujuzi wa namna hiyo kwa kutoandikwa. Katika misitu ya Nkasi na Sumbawanga yapo hadi leo mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma, malungu, yaliyojengwa kwa udongo kwa kimo cha karibu mita 3. Yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto, kupitia mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka sehemu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto ili kisafishwe, ndipo kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Fikiria maandalizi yake: mawe ya chuma yachimbwe, miti ya mkaa mgumu ikatwe na kuchomwa, mirija ifinyangwe na kukauka mapema, udongo wa kichuguu uletwe, watu wakae kambini, na vyote vikutane siku moja, kwa sababu moto ukishawashwa haungoji mkaa uliosahaulika. Huo ulikuwa mpango wa uzalishaji wa ngazi mbili, na mabingwa wa malungu waliutunza vichwani, kwa miiko na kwa mikono.

Kisha majembe ya kutoka ng'ambo yakajaa, na katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 moto ukafifia. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya mwandishi aitwaye Greig kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wafipa. Baadaye wakaja watafiti wengine, akiwemo Randi Barndon wa Chuo Kikuu cha Bergen, aliyechapisha utafiti wake kuhusu Wapangwa na Wafipa mwaka 2004. Kufikia wakati wa Barndon, aliyetaka kujua kazi ilivyokwenda ilibidi awategemee wazee waliokumbuka. Mjukuu wa mfua chuma anayetaka kujua babu yake alifanyaje kazi, sehemu kubwa ya jibu lake imo katika vitabu vya Kiingereza.

Kwa hiyo fundi mkuu alipolalamika kwamba kompyuta inataka kujua kila kitu, mpangaji hakumbishia. Alimwomba wafungue mashine moja.

Walichagua iliyokuwa imekamilika, wakaivua hadi bolti ya mwisho, wakapanga vifaa sakafuni kwa makundi: fremu, ngoma na meno yake, chekeche, kifuniko, mdomo wa kulishia, kiti cha injini. Kijana mmoja alihesabu kwa sauti, mama wa stoo aliandika kwenye daftari lake, na mpangaji alilinganisha na programu. Mambo yaliyojitokeza yalikuwa ya kila aina. Kulikuwa na bolti za M10 zilizoandikwa M12. Kulikuwa na shiti ya chuma yenye unene ulioachwa kutumika siku nyingi. Kulikuwa na rangi, ambayo haikuandikwa kabisa, ndiyo maana kila msimu rangi ilikwisha katikati. Kundi la kiti cha injini lilikuwa limenakiliwa kutoka kundi la fremu na ndani yake likaitaja fremu, huku fremu nayo ikitaja kiti cha injini, na ndiyo iliyokuwa sababu ya programu kukwama na kugoma kumaliza hesabu siku nyingine. Kila kimoja kiliuliza mahitaji ya mwenzake bila mwisho. Hilo lilirekebishwa kwa dakika chache mara lilipoonekana.

Lililochukua muda ni injini na puli.

Wateja wa karakana hiyo walikuwa wa aina mbili. Wapo waliotaka mashine ifungwe injini ya Kichina ya S195, nguvu farasi 12, inayokwenda mizunguko 2,000 kwa dakika. Na wapo waliokuwa na injini zao za mwendo wa taratibu za aina ya Lister, zile zinazosikika kutoka mbali kwenye mashine za kusaga, ambazo huzunguka mara 650 tu. Ngoma ya mashine ilifanya kazi vizuri ikizunguka kati ya mara 650 na 700 kwa dakika. Ikizidi sana inavunja punje. Ikipungua, gunzi linatoka na mahindi yake. Kwa S195, puli ya injini ya inchi 4 na puli ya ngoma ya inchi 12 zinaishusha kasi mara tatu, ngoma inapata mizunguko 667. Kwa Lister, puli mbili zinazolingana zinatosha.

Orodha ilikuwa moja kwa mashine zote, na puli zilizoandikwa humo zilikuwa za S195. Mteja wa Lister akipewa puli hizo, ngoma yake ingezunguka mara 217 tu na kutafuna magunzi siku nzima. Mafundi walilijua hilo, wakawa wanabadilishana puli kimyakimya wakati wa kufunga, na ndiyo maana stoo ilikuwa na ziada ya aina moja na upungufu wa nyingine bila mtu kuiba hata moja. Mpangaji anaikumbuka sehemu hii kwa uchungu, kwa sababu vijana wawili walikuwa wameshatajwa kwa wizi. Upotevu ulioonekana kwenye kompyuta ulikuwa ustadi wao wenyewe, wa kuokoa mashine isiende kijijini ikiwa haifai.

Suluhisho lilikuwa orodha mbili, moja kwa kila injini, na sharti kwamba oda isiingizwe bila kuuliza mteja ana injini gani. Swali moja kwenye fomu ya oda. Kuvunjika kwa punje si jambo dogo hapa: mahindi yanayopelekwa kwenye vituo vya ununuzi hukaguliwa, na viwango vya Afrika Mashariki, pamoja na kutaka unyevu usizidi asilimia 13.5, vinaweka kikomo cha punje zilizovunjika kwa kila daraja. Puli isiyo yake humfanya mkulima arudi na gunia lake.

Siku za kusubiri mzigo nazo zilikuwa na kumbukumbu ndani yake. Kwa beringi, mikanda na puli zinazotoka mbali, programu ilihesabu kusubiri kwa majuma mengi. Aliyeandika hivyo alikuwa mkweli kwa zama zake. Kabla ya lami, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi na tope, na malori yaliyokwama masika yalilala njiani. Kupitia mkataba wa Changamoto za Milenia, uliosainiwa na Tanzania na Marekani Februari 2008 kwa dola milioni 698, barabara hiyo ya takriban kilomita 224 ilijengwa kwa lami. Mzigo ukaanza kufika kwa siku chache. Lakini ndani ya kompyuta matope yalibaki palepale, na karakana ikawa inaagiza mapema mno, fedha ya mishahara ikilala stoo kwa sura ya mikanda. Data za namna hii hazionekani kama kosa, kwa kuwa ziliwahi kuwa kweli, na mpangaji anaziona za hatari kuliko zile zinazoleta engo 280. Engo 280 zinapiga kelele.

Kuna kipimo ambacho wapangaji wa uzalishaji duniani wamekizoea, kilichoenezwa na Oliver Wight, mwenzake Orlicky: orodha za vifaa ziwe sahihi kwa angalau asilimia 98, na hesabu za stoo kwa asilimia 95. Asilimia 98 inasikika kama alama ya mwanafunzi bora. Chukua sasa mashine yenye mistari 40 kwenye orodha yake, na kila mstari uwe na uwezekano wa asilimia 98 wa kuwa sahihi. Uwezekano wa mistari yote 40 kuwa sahihi kwa pamoja ni chini ya asilimia 45. Zaidi ya nusu ya orodha za namna hiyo zina kasoro mahali fulani, na mashine haikamiliki kwa asilimia 98 ya vifaa. Hesabu hiyo ndiyo iliyomshawishi mwenye karakana aruhusu mashine ivunjwe sakafuni badala ya kuuzwa siku ile.

Yapo makubwa zaidi ya karakana yetu yanayoonyesha uzito wa jambo hili. Katika mkopo wa Poland wa dola milioni 110 kwa Tanzania, nusu ilikwenda kwenye maghala na vihenge vya NFRA katika vituo 8, Sumbawanga kikiwa kimojawapo, na nusu kwenye matrekta ya Ursus yaliyoletwa yakiwa vipande na kuungwa katika eneo la viwanda la TAMCO, Kibaha. Mkulima aliyenunua trekta la namna hiyo aliingia kwenye safari ndefu ya vipuri, na malalamiko ya upatikanaji wake yalifika hadi bungeni. Kuunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua, miaka mitano baadaye, kifaa gani hasa kimo ndani ya chombo kilichoko shambani.

Karakana iligundua hilo upesi. Mara orodha zilipoanza kusahihishwa, lilizuka swali la mashine za zamani. Mteja wa Kaengesa anapiga simu anataka chekeche; je, mashine yake ni ya kabla ya shiti kubadilishwa au ya baada? Ana Lister au S195? Walinunua seti ya herufi na namba za kugongea chuma, na kila fremu ikaanza kupigwa namba yake kabla ya rangi. Kila orodha ikapewa tarehe ya kuanza kutumika, na ya zamani haikufutwa, ikafungwa tu isiagize tena. Mama wa stoo sasa anamwambia mteja apanguse vumbi kwenye mguu wa kulia, asome namba, na kwa namba hiyo anafungua orodha iliyoiunda mashine ile. Daftari lake bado lipo. Analilinganisha na kompyuta kila mwisho wa mwezi, na zikipishana anaita watu.

Lililobaki bila kupatiwa ufumbuzi ni mabaki ya engo. Kila mashine inaacha kile kipande cha nusu mita na kitu, mashine 20 zinaacha 20, na programu haina mahali pa kukiweka: kwake engo ni nzima au imekwisha. Fundi mkuu anataka kila kipande kinachozidi sentimita 50 kirudishwe stoo na kuandikwa, kwa kuwa kinatosha viti vya injini. Mama wa stoo anasema hana rafu wala mtu wa kuvipima. Wamekubaliana kwamba msimu huu wajaribu kwa engo peke yake, shiti zisubiri.